Picha Niliyomnyima Mama Filibeti

Wanangu mnaoanza kazi za sanaa na utunzaji, mliponiomba nizungumzie kazi yangu ya zamani, najua mlitaka vichekesho. Vipo, na nitavitoa kidogo mwanzoni ili msinikimbie. Halafu nitawaambia jambo nililolibeba tangu mwaka wa vita, ambalo hata watoto niliowazaa mwenyewe sikuwahi kuwasimulia vizuri.

Nilikuwa mtunzaji katika jumba la sanaa la mkoa, pale Moshi mjini. Msifikirie jengo kubwa. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mlowezi mmoja wa kahawa, ya mabati, yenye vyumba vinne vya picha, stoo nyuma, na uani chumba chenye dirisha kubwa linaloangalia mlimani. Hicho kiliitwa chumba cha msanii. Mpango ulikuwa hivi: msanii anatoka mkoa mwingine, anakuja kukaa kwetu miezi mitatu, anapewa kitanda, chakula na vifaa vinavyopatikana. Anafanya kazi yake, watu wanaruhusiwa kuingia kumtazama. Akiondoka, kila alichokifanya pale kinabaki, ni mali ya jumba. Tulimwita msanii mkaazi.

Kazi yangu ilikuwa kumpokea, kumtafutia godoro, kumtafutia rangi wakati mji mzima hauna rangi, na akishaondoka, kuhakikisha alichoacha hakiozi. Hilo la mwisho ndilo gumu. Msanii anakaa miezi mitatu. Wewe unabaki na vitu vyake miaka yote.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilikuta turubai moja imeegemezwa ukutani, imejaa matope. Nikasema, hawa watu wachafu kweli. Nikachukua beseni, kitambaa na kipande cha sabuni ya mche, nikaisugua mpaka ikang'aa. Yule msanii, baba mmoja mnene kutoka Singida, aliporudi kutoka kunywa chai alisimama mlangoni akashika kichwa. Alikuwa amekaa wiki tatu akipaka udongo ule, tabaka juu ya tabaka, mwekundu wa Same na mweusi wa Uru. Mimi nilimaliza kazi yake kwa dakika kumi.

Nilidhani nimefukuzwa. Aliyeniokoa ni Mzee Kaleb, mtunzaji mkuu, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa maghala ya kahawa. Alinichukua kando akaniuliza, "Anasia, ulipoona ni chafu, ulimwuliza nani?"

"Hakuna, mzee."

"Basi kuanzia leo, ukiona kitu huku ndani hukielewi, weka mikono nyuma. Hivi." Akanifungia mikono yangu mgongoni kama mwizi aliyekamatwa. Kwa mwaka mzima nilitembea mle ndani mikono nyuma, hata wageni wakadhani mimi ndiye mkubwa wa jumba.

Mzee Kaleb hakuwa amesoma mambo ya sanaa. Alijua kahawa. Alijua gunia likikaa moja kwa moja sakafuni linavuta maji, likibanwa ukutani linaota ukungu, na kwamba kitu chochote kilichotoka kwenye mti kinahitaji hewa. Alisema picha ni gunia jembamba. Alituwekea vibao chini ya kila kitu stoo, akatufundisha kufungua madirisha asubuhi jua likishapanda na kuyafunga kabla ukungu wa mlimani haujashuka. Karatasi alizifunga kwa shuka la pamba lililofuliwa mara nyingi mpaka likalainika. "Usiifunge karatasi kwa nailoni," aliniambia, na si mara moja. "Nailoni inatoa jasho. Karatasi inakunywa lile jasho." Nilikuwa nikiitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Nyinyi pia mtaitikia hivyo hivyo.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho, vitu vilianza kuadimika. Kwanza rangi za mafuta, halafu brashi, halafu karatasi nzuri. Hapo ndipo tulipojifunza kutumia vya shambani. Chukua vijiti vya mti wa mbuni, unene wa kidole kidogo, menya gome, vipange kwenye kopo la maziwa ya unga, funika, ziba kwa udongo, weka mekoni hadi moshi uache kutoka. Usifungue kopo likiwa na moto. Ukifungua utapata majivu. Likipoa, una mkaa wa kuchorea mzuri kuliko ule tuliokuwa tukiletewa kwenye maboksi. Tatizo la mkaa ni kwamba unafutika hata kwa kupumulia. Basi tukawa tunapuliza maziwa juu yake, maziwa yaliyoenguliwa mafuta yote, kwa bomba la kupulizia dawa ya mbu. Bomba unaliosha mara tatu kwanza. Mara ya kwanza tuliliosha mara moja tu, na maonyesho yale yakanukia dawa. Lakini nzi hawakuonekana mle ndani hadi Pasaka.

Maziwa yanashika mkaa vizuri. Ila maziwa ni chakula, na ukungu nao unakula. Hilo Mzee Kaleb hakulijua, kwa sababu alikuwa amestaafu na miguu yake kumnyima nguvu kabla hatujaanza mambo ya maziwa. Mimi ndiye niliyebaki mtunzaji.

Mwaka wa vita alikuja msanii mkaazi aitwaye Damasi, kutoka upande wa Songea. Kijana mrefu, mkimya, asiyependa kukaa chumbani. Wale vijana wa mgambo walipoanza kukusanywa uwanjani ili wapelekwe mpakani, Damasi alichukua ubao wake na mkaa, akaenda kukaa pale kwenye nyasi. Aliyekubali kuketi mbele yake, alimchora. Dakika ishirini, basi, anayefuata. Alichora vichwa tu na mabega. Alirudi na karatasi kumi na moja.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuwapa wenyewe?"

"Wangeziweka wapi? Kwenye gwanda?"

Tulizipulizia maziwa, tukazitundika chumba cha mbele. Watu wengi walikuja kuziangalia kuliko nilivyowahi kuona. Walikuwa wakimtafuta mtoto wao, mpangaji wao, fundi aliyewashonea viatu. Wengine walicheka, "Huyu ni fulani, tazama anavyokunja uso!" Damasi alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku kadhaa. Kufikia hapo habari za vifo zilikuwa zimeanza kufika kwenye vijiji, na vicheko vilikuwa vimekoma chumba cha mbele.

Siku moja ya Jumanne aliingia mama mmoja amebeba kikapu cha ndizi alizoshindwa kuuza sokoni. Alivua kandambili mlangoni kama anaingia kanisani. Nikamwambia, "Shikamoo mama, ingia tu na viatu." Akaniitikia, lakini hakuvivaa. Alipita picha moja, ya pili, ya tatu, akasimama mbele ya ile ya saba, na kikapu hakukishusha. Alisimama hivyo nafikiri kwa nusu saa.

Akasema, "Huyu ni Filibeti wangu."

Mama Filibeti alikuwa mjane wa Uru. Filibeti alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume, alikuwa akipakia magunia ya kahawa stesheni kabla ya kuitwa. Mama yake alikuwa ameshaletewa barua ya kifo. Mwili haukuletwa, alizikwa hukohuko. Na hakukuwa na picha yake hata moja. Hakuwahi kupiga, kwa sababu kila alipotaka kwenda studio kulikuwa na jambo lingine la haraka zaidi. Leo mna picha zenu mia kwenye simu, mtaona ni jambo la ajabu. Wakati ule ilikuwa kawaida kabisa mtu kuishi miaka ishirini na mmoja na kuondoka bila kuacha sura.

Akaanza kuja kila Jumanne. Alikuwa akija mapema kabla ya soko, akitazama, akiondoka. Tukazoeana. Wakati mwingine aliniachia ndizi mbili tatu za kupikia mtori. Wiki ya nne au ya tano akaniambia, "Mwanangu, nikuombe kitu. Nipe nikakae naye nyumbani."

Nilikwenda kwa mkuu wa jumba. Alikuwa mtu mwenye adabu, mpole, aliyeogopa ukaguzi kuliko ugonjwa. Akasema, "Anasia, hiyo ni mali ya umma. Tukimpa huyu, na wale kumi wengine? Utabaki na kuta." Nikarudi nikamwambia Mama Filibeti kwa maneno hayohayo, mali ya umma. Nakumbuka nilivyoyasema: nimenyooka, mikono nyuma.

Akauliza, "Umma ni nani?"

Nikasema, "Ni sisi wote, mama."

"Mimi pia?"

"Na wewe pia."

Akatikisa kichwa taratibu, akachukua kikapu chake. Damasi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, amesikia yote. Kesho yake alikuwa anasafiri. Asubuhi, akiwa ameshafunga mzigo wake, akaja stoo akaniambia, "Dada Anasia, yule mama akirudi, mpe. Mimi ndiye niliyeichora, nakwambia mpe."

"Kaka, sheria unaijua. Ukishaiacha hapa si yako."

"Naijua. Ndiyo maana nakuomba wewe, simwombi mkuu."

Nilielewa vizuri alichokuwa ananiambia. Ilikuwa karatasi moja. Ningeweza kuikunja ndani ya khanga. Sikufanya hivyo, na sababu haikuwa unyofu wangu. Nilipenda kuwa mtu anayeaminika. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikitaka ile siku ya beseni na sabuni isahaulike.

Kabla masika hayajaanza, mkuu akapata taarifa kwamba kutaletwa maonyesho ya mabango ya kilimo, na chumba cha mbele kiachwe wazi. Ilikuwa Ijumaa. Nilishusha zile picha kumi na moja peke yangu. Shuka la pamba la Mzee Kaleb lilikuwa limechanika, na nyumbani nilikuwa na jingine kuukuu. Ningeweza kusubiri mpaka Jumatatu nilete. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba duka la ushirika limepokea sukari, na foleni ilishaanza. Basi nikachukua nailoni iliyokuwa imefungia godoro jipya la chumba cha msanii, nikaikata, nikazifunga karatasi zote pamoja, kamba juu, nikaziweka juu kabisa ya rafu, nikafunga stoo nikakimbia. Sukari niliipata, kilo moja.

Mvua za mwaka ule zilinyesha kama zimetumwa. Mama Filibeti alikuja akakuta mabango ya mahindi na mbolea ukutani. Nikamwambia, "Imefungwa stoo mama, subiri mvua ziishe." Akaja tena, nikamwambia hivyo hivyo. Mara ya tatu, alikuwa amelowa mpaka magotini, akasema, "Nifungulie basi nimwone mara moja tu, halafu unamfunga." Nikasema stoo haifunguliwi wakati wa unyevu, picha zitaharibika. Nilikuwa namwambia hivyo kwa sauti ya mtaalamu.

Mwezi wa sita nilifungua.

Msumari mmoja wa bati ulikuwa umelegea juu ya rafu ile. Maji yalikuwa yameshuka tone kwa tone, yakaingia kwenye mkunjo wa nailoni, yakakaa mle kama kwenye kibuyu. Picha tano za chini ziliokoka na madoa. Za juu zilikuwa zimeshikana. Ukungu ulikuwa umekula yale maziwa, wa kijani na mweusi, wenye manyoya. Ya Filibeti ilikuwa ya juu kabisa, imegusana na nailoni moja kwa moja. Nilipoibandua, mkaa ulibaki kwenye nailoni. Kwenye karatasi kulibaki bega, kola ya shati, na kipande cha sikio la kushoto.

Nilikaa chini sakafuni. Sikulia. Nilikuwa naisikia sauti ya Mzee Kaleb, nailoni inatoa jasho, na mimi naitikia ndiyo mzee.

Jumanne hiyo Mama Filibeti alipokuja nilimwambia ufunguo amekwenda nao mkuu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na ndio unaoniuma kuliko hata ile nailoni. Nikamwandikia Damasi barua, nikamwomba aichore upya, nikamweleza sura kama nilivyoikumbuka. Alinijibu kwa mistari michache. Hakunitukana. Aliandika kwamba alimwona yule kijana dakika ishirini tu, na kwamba anaweza kuchora kijana, lakini Filibeti hawezi. "Ukimpelekea mama wa watu sura ya mtu mwingine, utakuwa umemwibia mara mbili," aliandika. "Nenda ukamwambie."

Nikapanda Uru. Mafuta yalikuwa hayapatikani, mabasi yalikuwa machache, nikaenda kwa miguu na karatasi ile nimeibana katikati ya mbao mbili, pamoja na kile kipande cha nailoni, kwa sababu nilishindwa kukitupa. Karibu na kwake kulikuwa na uzio wa masale. Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui: kwetu Wachagga ukimkosea mtu, unamwendea na jani la sale mkononi, naye akiliona hawezi kukukatalia msamaha. Nikakata jani. Nikatembea nalo hatua kama thelathini. Kisha nikaona ninachofanya: nilimnyima picha kwa sheria, sasa nakwenda kumnyang'anya na hasira yake kwa jani. Nikaliacha hapo kwenye majani ya mfereji, nikaingia mikono mitupu.

Alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mvua, nailoni, sukari, na kwamba ufunguo haukuwa kwa mkuu. Kwamba Damasi aliniambia nimpe nikakataa.

Aliendelea kumenya mpaka ndizi ile ikaisha. Akasema, "Lete nione."

Aliitazama karatasi. Akapitisha kidole pale penye kola, bila kugusa. "Shati hili nilimshonea kifungo cha juu mimi," akasema. Halafu akauliza, "Na uso uko wapi?"

Nikamwonyesha nailoni. Alisimama, akainyoosha kwa mikono miwili kwenye mwanga wa mlango. Mkaa ule ulikuwa umetapakaa, na sura imegeuka, kushoto kuwa kulia, lakini ilikuwa sura. Macho yalikuwepo. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa namtazama yeye, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Ungenipa tu, mwanangu," akasema. "Mimi ningemweka juu ya moshi wa jikoni. Juu ya moshi hakuna ukungu."

Ilikuwa kweli. Kila nyumba ya mlimani inahifadhi mbegu zake hivyo. Miaka yote ile ya utunzaji, na jambo hilo halikunijia.

Akaingia ndani akatoka na jembe na khanga mpya, ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, palipokuwa na kaburi la mume wake. "Waliniletea barua kwamba amekufa," akasema. "Ile sikuizika, haikuwa yeye. Chimba hapa."

Nilichimba. Udongo ulikuwa mzito na mizizi ya migomba ilinisumbua. Alinionyesha pa kulipitisha jembe nisiikate. Akaweka nailoni juu ya karatasi, uso juu ya bega, akavilaza kwenye khanga na kuvifunga kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akifunga picha, taratibu, akianzia miguuni ambako hakukuwa na miguu. Alisali kwa Kichagga. Tukafukia kwa mikono.

Nilimwomba msamaha pale pale. Akasema, "Leo sina. Nenda kazini kwako. Ukipita Uru siku nyingine, pita unisalimie."

Nilipita, miaka mingi, kila msimu wa kuchuma kahawa. Nilimsaidia kuchuma, tukala mtori, tukazungumzia ng'ombe na bei ya chumvi. Kuhusu msamaha hakusema tena, na mimi sikuuliza. Alifariki miaka miwili kabla sijastaafu, na walimzika kati ya wale wawili.

Kwa kazi yenu nawaachia haya machache: karatasi ipumue, maziwa msiyatumie kabisa, na mtu akiketi kuchorwa, chora mara mbili na ya kwanza apewe yeye. Mimi nilianza kuwaambia hivyo wasanii wote waliokuja baada ya Damasi, na mkuu aliponiita kuniuliza nilimwambia anifukuze. Hakunifukuza.

Ukaguzi nao ulikuja, ule aliouogopa sana. Walikuja wakati wa Mwalimu, wakaja baada yake, wakahesabu viti, wakahesabu madirisha, wakahesabu hata mabeseni. Picha ya saba nilisubiri waiulizie, nikiwa na jibu langu tayari, la kweli, na nilikuwa radhi kwa lolote. Kwa miaka yote niliyobaki pale, hakuna hata mmoja aliyeiulizia.